Sanduku la Dawa la Pikipiki

Jumapili. Upepo unavuma tangu asubuhi, na vumbi la Dodoma limeingia hata kwenye wino. Nyumba ya dawa imetulia, wagonjwa ni wawili tu na wote wamelala. Nafasi ya kuandika ninayo, hamu sina. Naandika kwa sababu nikikaa bure namwona Masaka amelala kifudifudi.

Jana nilisifiwa. Hilo ndilo lililoniharibia siku.

Bwana Mpimaji, yule Mdachi anayepima barabara ya kwenda Kibakwe, alikuja akichechemea kukagua sanduku la dawa nililompangia kwa ajili ya pikipiki yake. Alilitikisa, akaligeuza juu chini mbele ya wapagazi, akatega sikio. Hakuna kilicholia. Akanipiga begani, akasema sasa nimeijua kazi. Nikasema ahsante, Bwana. Nikatabasamu, meno yote nje.

Na katika sanduku lile hakuna hata kitu kimoja kilichotoka kichwani mwangu.

Niandike tangu mwanzo. Wiki tatu sijaligusa daftari hili, na najua sababu yake.

Pikipiki ilishuka kwenye treni ikiwa imefungwa kwa majani makavu kama yai. Mji mzima ulikwenda kuitazama. Siku ile ile Bwana aliniita, akataka sanduku dogo la kufungwa nyuma ya kiti, lenye dawa za mtu mmoja anayesafiri peke yake, ili akianguka ajitibu mwenyewe. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, kusoma nimesomea pwani, na kabla ya kuajiriwa hapa kufunga vidonda, nilikuwa nikipanga masanduku ya dawa ya misafara. Kwa kazi hiyo nilijulikana. Sanduku langu lilitoka Mpwapwa hadi Tabora juu ya kichwa cha mpagazi, likafika bila chupa kupata ufa.

Basi nikapanga kama nilivyozoea. Chupa zikasimama wima, nzito zikakaa katikati ili shingo ya mpagazi isielemewe upande mmoja. Bandeji na pamba nikazitandika chini kabisa. Iodini, kaboliki, spiriti, mafuta ya mbarika, mafuta ya kupaka mtu aliyeungua, vyote kwenye vioo vinavyong'aa. Kwinini nikaitia kwenye chupa nzuri ya bluu, kwa sababu tu ilikuwa nzuri. Nilitaka Bwana akifunua kifuniko aone duka.

Shingo ya mpagazi! Pikipiki ina shingo?

Bibi Mbeleje, mama wa Kigogo anayetuchemshia na kutufulia bandeji, alikuwa amesimama pale Bwana alipoiwasha mashine kuijaribu. Aliweka kiganja juu ya kiti, na bangili zake za shaba zikaanza kulia zenyewe. Alipoondoa mkono alilitazama sanduku langu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hizi chupa zitapigana."

Nilicheka. Nikamwambia mambo ya dawa yana utaratibu wake, yeye aangalie sufuria lake. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu linashinda ndani ya nyumba ya dawa.

Aliyelifunga sanduku nyuma ya kiti ni Masaka, Mgogo wa upande wa Msalato, mtu wa makamo aliyekuwa akiendesha punda wa mizigo kabla ya kuchukuliwa na Bwana kufunga mizigo yake. Alifunga kwa kamba za ngozi ya ng'ombe alizozilowesha kwanza, ili zikikauka zijikaze. Alifunga vizuri. Nilisimama pale, niliona kwa macho yangu, na naandika hapa ili nisije nikajifanya nimesahau.

Siku ya tatu ya safari yake Bwana aliletwa kwa machela. Alikuwa ameanguka kwenye mchanga wa korongo mbele ya Buigiri. Mashine ilimlalia, bomba la moto likamchoma mguu chini ya goti, na mkono ulichanika kwenye mawe. Alilifunua sanduku. Ndani alikuta vioo vitupu, na bandeji zimelowa iodini, kaboliki na mafuta, zimejaa vipande vya kioo kama samaki mwenye miba. Alijifunga kwa shati lake lenye vumbi. Kidonda kilipofika kwangu kilikuwa kinanuka.

Siku nzima nilimsafisha. Jioni, homa ilipopungua, aliniuliza kama sanduku lililegea, kama ni kamba.

Nilijua jibu. Watu wa machela walikwisha kuniambia kwamba kamba ilikuwa imekaza hata ikabidi waikate kwa kisu.

Nikasema, "Labda, Bwana."

Sikusema ndiyo. Kwa siku mbili nilijifariji na hilo, kwamba sikusema ndiyo.

Masaka alichapwa asubuhi iliyofuata kambini. Mnyapara ndiye aliyechapa. Mimi sikwenda kuona. Nilibaki hapa nikikata bandeji, nikazikata nyingi mno, na sauti ilifika vizuri tu kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande ule. Baadaye wakamleta kwangu, maana hapa ndipo vidonda vyote vinapoletwa. Nikamwosha mgongo. Aliniambia ahsante.

Ahsante!

Kwa siku kadhaa alikuja kubadilishiwa kitambaa, akilala kwa tumbo kwenye kitanda cha kamba. Huwa hasemi sana. Lakini siku moja alinikuta nimelitoa lile sanduku nimeliweka mezani, nalitazama bila kujua nianzie wapi, kwa kuwa Bwana alikwisha kuagiza lipangwe upya. Alinitazama kwa jicho moja, shavu likiwa juu ya mkono.

"Mganga, kichwa cha mtu hakitikisi. Punda anatikisa," akasema. "Hilo lipange la punda."

Na akanifundisha. Kwa namna nilivyokuwa nimemtendea angeweza kuninyamazia, lakini alinifundisha kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mafuta ya kupaka majeraha ya moto yasikae kwenye kioo, yakae kwenye kibuyu kidogo kama kile wafugaji wanachobebea samli, na kizibo kifungwe kwa ngozi. Dawa za maji ziachwe kadiri inavyowezekana. Nikakumbuka ile dawa ya chembechembe za zambarau, ambayo unga wake kidogo unatosha karai zima la maji ya kusafishia kidonda, nayo hukaa kwenye kopo la bati. Kwinini nayo ikaingia kwenye bati, pamba juu yake, isiwe na nafasi ya kucheza. Mkasi na koleo vifungwe pamoja kwa uzi. Bandeji zisikae chini, zikae juu, ndani ya kitambaa kilichopakwa nta, kwa sababu mwenye damu mkononi hana muda wa kupekua. Kila penye nafasi pazibwe kwa pamba, na sanduku lote livikwe ngozi ya mbuzi, manyoya yakiwa ndani. Iodini nikabakiza chupa moja tu, ndogo, nimeivalisha soksi.

Bwana aliicheka ile soksi jana. Akasema mimi ni mtu mwenye akili.

Siku aliyonifundisha, wakati nafunga kitambaa cha mwisho, Masaka alisema jambo jingine. Alisema anajua kamba yake haikulegea. Alisema pia anajua nani alipanga ndani. Nilingoja matusi, hata ngumi ningeipokea. Akasema, "Mgongo utapona, mganga. Kwa mkwe wangu ndiko kunakoniuma."

Mkwe wake, baba wa mkewe, yuko Msalato, ana punda wengi, na tangu zamani Masaka ndiye aliyekuwa aachiwe punda hao awaendeshe mzee akichoka. Ndiyo tegemeo la nyumba yake, kwa kuwa kazi ya Bwana itakwisha barabara ikipimwa. Sasa habari imefika kwamba Masaka amechapwa kwa kutojua kufunga mzigo. Mzee amewatoa punda akampa mkwe mwingine. Nani ampe punda mtu asiyejua fundo? Mke wa Masaka anachekwa kisimani. Watoto wanaulizwa kama baba yao anaweza kufunga hata mbuzi.

"Bwana usimwambie, hatanirudishia kitu," akasema. "Nenda kwa mkwe wangu, ukaseme mbele ya watu."

Nilimwambia asilowane maji mgongoni. Hayo ndiyo yaliyonitoka kinywani.

Hiyo ni Jumatatu iliyopita. Jumanne nilisema nitakwenda kesho. Jumatano kulikuwa na wagonjwa wengi. Alhamisi hawakuwapo wagonjwa, nikapiga deki ambayo si kazi yangu. Ijumaa nilikwenda msikitini, na huko nilikaa nyuma kabisa kama mtu mwenye viatu vya wizi. Jana nikasifiwa.

Niseme kinachonizuia, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nikisema nyumbani kwa mzee, kwenye tembe lake, habari haitakaa Msalato. Wapagazi wataisikia, mnyapara ataisikia, na Bwana ataisikia kabla ya kuondoka Jumanne. Mgongo wangu haujawahi kuchapwa. Nimeosha migongo mingi, najua inavyokuwa siku ya kwanza na siku ya tatu. Naogopa. Tena, na hili linanitia haya kuliko kiboko, naogopa kuacha kuitwa fundi wa masanduku.

Leo baada ya adhuhuri nimekwenda uani kwa Bibi Mbeleje. Mkwe wa Masaka hajui Kiswahili cha kutosha, na Kigogo changu ni cha kuuliza wapi panauma. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba anifundishe kusema kwa Kigogo kwamba Masaka alifunga vizuri, mimi ndiye niliyepanga vibaya, nami nilimwacha achapwe.

Aliacha kukamua bandeji. Maji yalimtiririka kwenye bangili, naye hakuyapangusa. Nilidhani atanikumbusha chupa zilizopigana, na haki hiyo alikuwa nayo. Alinitazama mpaka nikainamisha macho, kisha akayasema maneno yale polepole, mara moja, akangoja.

Nikasema.

"Hujasikika," akasema. "Yule mzee ni kiziwi kidogo. Sema tena."

Nikasema tena. Mgonjwa mmoja akachungulia dirishani. Bibi akanirudisha mwanzo, na mwanzo tena, huku akianika bandeji moja moja kwenye kamba bila kunitazama. Alipomaliza kapu lote akaniambia atanisindikiza asubuhi, kwa sababu mgeni akiingia peke yake kwenye tembe la watu kusema jambo kama hili anaweza kuligeuza likawa habari tu ya njiani. Yeye atakuwapo kuhakikisha nimefika mwisho wa maneno.

Tutaondoka jua likichomoza. Nimekwisha kumpelekea Masaka salamu kwamba naye awepo.

Tangu hapo nazunguka chumbani nikirudia sentensi ile. Si ndefu. Jina la Masaka nalitamka vizuri, neno la kamba nalitamka vizuri, hata la kiboko. Ninapokwama ni mahali pamoja tu, na hapana ugumu wowote wa Kigogo pale, mtoto mdogo analisema. Ni lile neno la mimi.