Kwa Nini Tunaimba Ziwani

Furaha, mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Rubona, huku ziwani. Mgongo unauma, lakini kazi ipo. Umeuliza kwa nini sisi wavuvi wa sambaza, visamaki vya ziwa letu, huimba usiku kucha.

Nilipokuwa kijana, mwenzetu Bosco alifiwa na mtoto. Tukamwambia, "We leo usiimbe, ndugu. Kaa na huzuni yako." Tuliona ni heshima. Tukaimba sisi, naye akapiga kasia kimya nyuma yetu. Kulipopambazuka nafasi yake ilikuwa tupu, na hakuna aliyejua alianguka wapi. Gizani mtu hujulikana kwa sauti yake tu.

Siku mliyomzika bibi yako huko mbali, nami sikuweza kufika, jioni niliingia mtumbwini. Wenzangu wakasema, "Imba, muzee, tujue uko."

Niliimba mpaka asubuhi.

Babu yako