Matofali ya Marehemu Baba

Jumatatu, 6 Oktoba
Matofali ya Babeli tena. Tunayakata kwenye povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, kisha tunayapaka buluu. Ghala la Jebel Ali, huku ughaibuni, linanuka rangi, chapati zangu pia. Madam mchoraji anataka kila tofali liwe na muhuri wa mfalme Nebukadneza, wageni wauone. Maonyesho ni siku tatu hotelini, basi.

Baba alikuwa akiandika J.O., herufi za jina lake, kwa kidole juu ya kila tofali bichi.

Jumatano, 8 Oktoba
Ochieng, mdogo wangu, ameandika. Anataka kubomoa nyumba ya baba, matofali yake akajengee nyumba yake sokoni. Imekaa tupu tangu tumzike mama. Nimemkataza hadi nirudi nyumbani Desemba. Mimi ndiye mkubwa. Nataka kulala humo hata usiku mmoja.

Jumapili, 12 Oktoba
Kato, msimamizi wetu, Mganda, ametangaza hakuna likizo Desemba, hadi kazi inayofuata Babeli iishe. Nikamfuata. "Khalas, ndugu, imekwisha. Si mimi niliyeamua."

Nikampigia Ochieng. "Bro, mvua imeanza. Mtoto analala jikoni. Utakuja lini kwani?"

Nikakata simu. Hasira sina. Nimerudi kwenye buluu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Babeli imesimama. Lango, simba, kuta hadi darini. Nilisoma maelezo nikiyabandika. Mji ulitawala mataifa. Koreshi Mwajemi akauteka. Watu wakauhama polepole, na wanavijiji wakabeba matofali wakajengea nyumba zao. Hapo nikasoma mara mbili. Wageni walipiga picha na simba.

Jumatatu, 20 Oktoba
Tumeibomoa asubuhi moja. Wenzangu wamebeba vipande vya ukuta kuzibia jua madirishani kambini. Mimi sikuchukua kitu.

Jioni nimemwandikia Ochieng: bomoa.

Jumatano, 29 Oktoba
Picha. Rundo la matofali uani, J.O. kila mahali. Nimekulia nyumba ile na sikuwahi kuziona herufi hizo ukutani. Baba alizilaza ndani ya udongo, hakuna wa kuzisoma.

Nilidhani nitalia. Nimefua nguo.

Jumapili, 23 Novemba
Picha nyingine. Chumba cha mtoto kimefika usawa wa madirisha. Fundi ni mzuri, mistari imenyooka. Nimeikuza picha, nikatafuta herufi. Hakuna hata moja. Ziko ndani tena.

Nimemjibu Ochieng, nimesema pazuri. Kesho tunaanza kukata Roma.