Kikohozi cha Baba Yako Si Vumbi

Yesenia,

Supu ya kwinoa iko jikoni, ipashe moto. Madirisha yaache wazi hata ukisikia baridi.

Asubuhi nilimburuta baba yako zahanati, njia nzima anabisha kwamba kikohozi ni vumbi la matofali. Akatoa makohozi, yakawekwa kwenye mashine ya kupimia. Mjomba wako Rufino alisubiri majibu miezi miwili, tukamzika. Leo hata saa mbili hazikuisha: kifua kikuu, lakini kinachosikia dawa za kawaida.

Mimi nalia, yeye anamuuliza nesi, “Kwa hiyo harusi ya binti yangu nitacheza ngoma yetu ya wayno?”

“Ukimeza dawa kila siku, utacheza.”

~~Ahirisha harusi.~~ Usiahirishe. Tumekwenda kuchukua dawa. Kesho twende wote tukapimwe, na mchumba wako Hernán umlete. Akibisha, niachie mimi.

Mama