Elvis Alivyouchoma Mkanda wa Mama

Malinya, Ikolomani,
Kakamega.
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Willis,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini baridi ya Edmonton imewaachilia kidogo. Sisi tu wazima, ila goti langu linanisumbua mvua ikinyesha, na hapa inanyesha kila alasiri.

Sasa nikueleze habari za mkanda wa sinema wa marehemu baba, ule mwembamba aliopiga mwaka 1974 kwa kamera aliyoachiwa na wapima ardhi aliokuwa akiwaendeshea gari. Mama hana picha nyingine inayotembea. Niliamua utiwe kwenye kompyuta kabla haujaoza.

Binamu yetu Philip, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, akanituma kwa Elvis, mwenye studio mjini. "Picha ni picha, Christine," alisema. "Njia zote ni moja."

Njia ya Elvis ni hii: anatundika shuka ukutani, anawasha projekta ya kuazima, halafu anarekodi shuka kwa simu yake. Shuka yenyewe ina maua! Watu wakawa wanapepesuka kama wamelewa, wengine hawana miguu. Nikamwuliza kama hausafishi mkanda kwanza.

"Mathe, tulia. Mimi hufanyanga hizi kila siku."

Mkanda wa miaka hamsini ni mkavu kama jani la muwa. Ukakwama mbele ya taa, pale mama alipoanza kugeuka atutazame. Doa la kahawia likatokea shavuni mwake, likatanuka, harufu ya kuungua ikajaa chumba. Elvis naye alikuwa akijibu ujumbe kwenye simu ileile ya kurekodia! Nilichomoa waya ukutani mimi mwenyewe.

"Imeungua kidogo tu, mathe," akasema. Kidogo! Kama fisi anayekuambia amekula mguu mmoja tu wa mbuzi. Niliubeba mkanda wangu nikatoka bila kuaga, na njiani nililia kwa hasira.

Juma lililofuata nilikwenda Kisumu kwa mzee mmoja anayeitwa Oduor. Philip alijialika. Oduor alivaa glavu, akaukagua mkanda kwa lenzi, akaunga palipochanika, akaufuta vumbi. Mashine yake haina taa kali wala meno ya kuuvuta. Mkanda unapita polepole juu ya magurudumu laini, na kila kipicha kinapigwa peke yake, kimoja baada ya kingine, hadi mwisho. Kazi ya siku mbili. Philip akamwuliza kwa nini asirekodi tu kwa simu. Oduor alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyepanda mezani.

Palipoungua hapakuponyeka. Mama hatageuka tena. Tumepoteza sekunde mbili hivi, nami sitamsamehe yule mjinga upesi.

Lakini Willis, baada ya doa kuna kipande ambacho shuka ya Elvis haikukifikia. Mama amesimama mlangoni, amebeba mtoto kwenye blanketi. Nilimwomba Oduor arudishe mara tatu. Ni wewe, kabla mama hajatuacha. Anakuchekea, midomo inakwenda, sauti hakuna. Kisha anakishika kiganja chako kidogo na kukipunga kuelekea kwa baba. Philip ndiye aliyeomba irudishwe mara ya nne.

Nimekutumia video yake kwa mtandao. Mkanda wenyewe nimeufungia kwangu.

Msalimie shemeji Gentrix na mwanetu Mitchel. Shangazi Muhonja anakusalimu sana. Mungu aliyekulea bila mama azidi kukulinda ugenini.

Mimi dada yako, nisiyeacha kukuwaza,
Christine

N.B. Itazame kwanza ukiwa peke yako.