Majivu kwa Mzee wa Velm

Jumatatu, 4 Mwezi wa Barafu
Odrun bado yuko kitini. Mila ni mila—mume hazikwi mpaka aliyemuua alipe. Tumemkausha kwa moshi, anakaa nasi mezani. Kila asubuhi nampakulia uji wa shayiri, kisha namwagia joka. Leo mama mkwe kanifokea: uji umepoa, mwanawe hajazoea vya baridi! Nikaupasha. Sikucheka. Kulia pia sikulia.

Jumatano, 6
Majoka yamerudi kutoka Velm, kwao aliyemuua Odrun. Wapandaji wanasema kule hakuna kilichobaki, hata kuku. Mmoja kaniambia, "Shemeji, leo bwana wako atakula raha!" Nikasema asante. Asante ya nini? Sijui.

Mdogo wangu Tavi kaitwa vitani. Kaka zetu wawili waliomtangulia vitani waliungua, kabaki yeye tu. Anaondoka Jumapili. Nikangoja niumie. Wapi! Nikaenda kukamua mbuzi.

Ijumaa, 8
Watu wa Velm wameleta mtu, kafungwa kamba. Wanasema muuaji ndiye huyu, mchukueni, vita viishe.

Kwa hiyo imebaki kwangu. Nilikuwepo darajani Odrun alipochinjwa, na mjane aliyeona ndiye anayempaka muuaji majivu kwenye paji la uso. Nikimpaka, anauawa, Odrun anazikwa, majoka yanafungwa. Nisipompaka, vita viko palepale. Hata mama mkwe, na utawala wake wote, hana la kubadili.

Nimemwona. Siye! Yule alikuwa kijana, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Huyu ni mzee, vidole vyote anavyo.

Jumamosi, 9
Nimempelekea mzee chakula. Nikamnong'oneza: baba, si wewe. Akaniuliza, kwani nani kakuomba ukweli? Wajukuu zake wamejificha pangoni, majoka yanapita juu yao kila siku.

"Nimekuja kwa miguu yangu, binti. Usinirudishe."

Halafu akaonja uji, akakunja uso. Akasema nyie watu mnajua kuchoma vijiji, lakini chumvi hamjui kutia. Mpishi ni mimi! Nikacheka, nikacheka mpaka nikatapika nyuma ya zizi.

Nilipomweleza Tavi, kasema, "Dada, mpake tu." Hakunitazama usoni.

Mama mkwe kanishika mkono jikoni. Ananijua huyu. Kasema nimwangalie vizuri yule mtu, maana ukimpaka asiye muuaji, marehemu haondoki. Utamzika, kesho utamkuta kitini, utampakulia mpaka ufe. Shangazi yake alifanya kosa hilo. Alizeeka akipakulia.

Jumapili, 10
Uwanja umejaa. Tavi yuko mgongoni mwa joka, kajifunga mikanda, analitazama paa la nyumba yetu. Mzee kapiga magoti bila kusukumwa. Kazirudisha nyuma nywele zake, paji liko wazi.

Nimeingia kuchota majivu. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umejaa. Naogopa—afadhali! Nilidhani siwezi tena.

Odrun yuko palepale. Uji wake haujaguswa, umeshika utando.

Mama mkwe anaita jina langu. Mara ya pili sasa.

Haya, mume wangu, nakwenda kumpaka. Kaa. Kesho nitaupasha mapema, na chumvi nitatia