Matoka Kando ya Mfereji

Jumamosi, 2 Aprili 1977

Mferejini, kwenye bomba la maji la mtaa, saa kumi na mbili asubuhi. Madebe kumi na moja mbele yangu. Mama Mutuku, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa wa kwanza kama kawaida, karai la nguo kichwani, ulimi tayari.

Mvua imenyesha usiku kucha na sikuifurahia. Mama alisema atakaa nami hapa mjini, Bahati, mpaka mvua ya kupanda, kisha arudi nyumbani. Nyumbani gani? Tangu Baba afariki, Baba Mdogo amelima shamba letu mpaka ukutani mwa nyumba. Mama hana hata pa kupanda kunde. Lakini atarudi tu. Tangu Februari anakaa kitandani mwangu akitazama ukuta.

Mchana nikatafuta kitunguu cha mchuzi. Chini ya kitanda, kwenye kiondo chake, nikakuta vitunguu vikubwa vimefungwa kwa leso ya kanisani. Nikachukua kimoja, nikakipiga kisu. Mama aliruka kitandani kama msichana, akaninyang'anya. Halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Kumbe ni itoka, mmea wa mpakani. Kwetu, shamba lako linapokutana na la jirani hupandwa matoka, na yakishapandwa hayachezewi. Anayeyang'oa anajitafutia laana. Ndiyo maana mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nayajua majani yake tu. Vitunguu vyake vya chini sikuwahi kuviona. Nani ang'oe?

Baba Mdogo aling'oa. Saba. Akayatupa barabarani, Mama akayaokota. Leo ndipo ameniambia. Namchukia yule mzee. Naandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kusema.

Jumapili, 3 Aprili

Mama ameniuliza kiwanja kilicho kati ya nyumba zetu na mfereji ni cha nani. Nilikuwa napiga pasi. Nikajibu, si cha mtu, ni cha kila mtu. Akasema, "Haya."

Jumatano, 6 Aprili

Masikio yamechoka. Siku nzima kwenye swichibodi ya simu, subiri kidogo nakuunganisha, subiri kidogo nakuunganisha. Nikifika nyumbani sina neno la kumpa mama yangu.

Leo nimemkuta nje! Matope mpaka magotini. Ameazima jembe, amepata miche ya nduma kwa mama mmoja wa sokoni, amepanda pale maji ya mfereji yanapomwagikia. Miaka yote tumekuwa tukiruka tope lile na kulilaani. Alikuwa anaimba. Nilikaa kizingitini nikamsikiliza mpaka chai ikafurika kwenye stovu.

Kisha nikaona matoka. Sita, kwa mstari, yamekata njia katikati. Njia ile ile tunayopita wote kwenda Jogoo Road kupanda basi. Nikaingia ndani kufuta stovu. Mwoga mimi.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Watu wamerudi kutoka kanisani, wakafika kwenye matoka, wakasimama. Wa kwetu, Wakikuyu, hawakuuliza. Waligeuka wakazunguka nyuma ya vyoo na viatu vyao vya sikukuu. Sikujua nicheke au nilie.

Mama Mutuku ni Mkamba, laana ya matoka haimhusu. Alipita katikati na karai lake, akakanyaga moja.

"Wambui, ambia mama yako hapa si risavu, si kijijini. Hii ni njia ya watu."

Ana haki. Ana mdomo pia. Ni nani alimpa ruhusa ya kufunga kamba zake za nguo kutoka mlingoti hadi mlingoti? Mwaka wa nane huu. Wazee wanaocheza drafti walileta benchi lao ukutani, walimwuliza nani? Kwaya ya vijana ina pembe yake ya mazoezi, na ole wako uanike blanketi hapo Alhamisi. Kila mtu ana kipande chake na kila mtu anajua kinapoishia. Mipaka imejaa pale kiwanjani, ni vile tu haijapandwa.

Ningemweleza Mama hivyo. Sikumweleza.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Nimemkosea Mama.

Nilikuwa na ndoo mbili. Nikazunguka vyooni kama wengine, nikateleza, nikaanguka na maji yote. Nikaingia ndani nikamwambia, "Mama, hapa si kwako." Hivyo hivyo. Aliniletea maji ya kunawa, yale yake ya kunywa. Jioni alikuwa anakunja nguo. Ataondoka Jumamosi.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 13 Aprili

Mambo yameharibika kabisa. Karani wa nyumba za jiji alikuja kukagua vyoo, akakuta watu wanapita huko nyuma kwa foleni, akauliza kwa nini. Wakamwonyesha. Ameandika karatasi: kiwanja kisafishwe Ijumaa. Nduma, kamba, benchi, vyote.

Mama Mutuku alitugongea mlango karibu auvunje. "Miaka nane hakuna mtu ameangalia kamba zangu! Mama yako amekaa miezi mbili tu, ona sasa!" Ana watoto watano na nguo za watu anazofua. Machozi yalikuwa karibu, nikayaona. Mama hajui Kiswahili. Akataka nimtafsirie. Nilitafsiri nusu.

Akasema, "Na nusu ile nyingine?"

Nikamwambia. Hakulala vizuri. Wala mimi.

Ijumaa, 15 Aprili

Nimedanganya kazini kwamba naumwa jino.

Vibarua watatu walikuja na panga na majembe, karani nyuma yao. Walianza na kamba. Wakazikata, zikaanguka kwenye tope na shuka mbili za watu. Mama Mutuku akaziokota bila neno, na hilo liliniuma kuliko kelele zake. Benchi likapakiwa mkokotenini. Kisha wakaja kwa nduma.

Mkubwa wao, mzee wa kwetu, mvi kidevuni, aliinua jembe. Akaona matoka. Yalikuwa yametoa majani mapya, kijani kabisa, hata lile lililokanyagwa. Akashusha jembe taratibu. Akauliza kwa Kikuyu nani amepanda.

"Mimi," Mama akasema. "Mjane. Yaling'olewa kwetu."

Mzee akavua kofia. Karani akamfokea, hayo ni majani tu, ng'oa! Akajibu kwa upole, "Bwana karani, mimi nina watoto. Ng'oa wewe." Akampa jembe. Karani akalitazama lile jembe. Karani pia ni wa kwetu. Ametoka Nyeri, kila mtu anajua.

Wale vibarua wengine wawili, sidhani waliamini chochote. Waliegemea majembe yao wakangoja, wanafurahi kupumzika. Karani akasema atarudi. Akaenda, na mkokoteni ukabaki.

Mama Mutuku akasimama na shuka zake chafu, anafikiri. Halafu akaniambia, "Wambui. Uliza mama yako. Hiyo mstari yake haiwezi pinda kidogo ifike kwa kamba zangu?"

Nilitafsiri yote. Mama alicheka kile kicheko cha siku ya kitunguu.

Jumamosi, 16 Aprili

Ilikuwa siku yake ya kuondoka. Kiondo kilikuwa tayari mlangoni.

Asubuhi akaniambia niwaite majirani. Akasimama mbele yao na leso ya kanisani, mimi nikitafsiri, swichibodi hata nyumbani. Alisema kosa ni lake. Itoka halipandwi na mtu mmoja. Hupandwa watu wa pande zote mbili wakiwepo, wakubaliane, ndipo linakuwa mpaka. Yeye alipanda peke yake, kama shemeji yake alivyong'oa peke yake. Alisema hivyo mbele ya watu. Mimi nilishindwa kutafsiri mstari huo mara ya kwanza.

Basi wakabishana, saa mbili nzima. Wazee wa drafti walitaka hatua mbili zaidi. Mama Mutuku alipima kwa miguu yake, kisha kwa kamba, kisha tena kwa miguu. Mwishoni matoka yakang'olewa na Mama mwenyewe na kupandwa upya. Mawili kwenye nduma, mawili kwenye milingoti ya kamba, moja kwenye benchi, moja kwenye pembe ya kwaya. Njia ikaachwa katikati, pana kiasi cha watu wawili na karai.

Basi la saa nane likaenda. Mama hakuliulizia. Sikumkumbusha.

Jumapili, 17 Julai

Baridi. Mawingu tangu alfajiri. Karani hajarudi.

Njia sasa ina kona. Inafika kwenye nduma, inakunja kidogo, inaendelea. Wageni hukunja pia, hawajui kwa nini.

Mama Mutuku amemfundisha Mama Kiswahili cha mferejini, matusi yakiwemo. Mama amempelekea nduma za kwanza, ndogo bado, amezibeba kwa kiondo. Alipokirudisha alikitundika msumarini, juu ya koti langu. Hakijarudi chini ya kitanda.

Lile la saba, nililolikata, nilidhani alilitupa. Kumbe alilipanda kando ya kizingiti chetu, siku gani sijui, mimi nikiwa kazini. Leo nikifagia nimeliona. Majani mawili, na kovu la kisu linaonekana juu ya udongo. Nikamwuliza, mpaka wa nini hapo mlangoni?

Akasema, "Si mpaka. Ni kitunguu chako cha mchuzi."

Nimelimwagia maji.