Gia Zilizolala Katika Sanduku la Ng'onda

Mtani wangu mpendwa Masudi, Mnyamwezi uliyelala Chanika,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo vumilia. Shule niliiacha darasa la pili, na herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Nampelekea mhariri wa gazeti aichape kama ilivyo, hata palipopinda, kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mdomo haliaminiwi. Wewe unalijua nusu. Ile nusu nyingine niliificha, na sasa umekufa bila kuambiwa.

Mie Mzaramo, wewe Mnyamwezi. Tangu babu zako waliposhuka pwani na mizigo kichwani, watu wetu ni watani, wanatukanana bila kukasirikiana na wanazikana kwa vicheko. Nilikukuta kwenye karakana ya njia ya Pugu, ile iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya mashamba ya mkonge. Mie nilikuwa seremala, wewe mtunza stoo. Siku ya kwanza uliniangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia, ukamwuliza karani, "Huyu ndiye atakayenitengenezea rafu? Mzaramo akishika msumeno, ubao unaomba dua." Nikajibu kwamba afadhali mie ninayejua msumeno, kuliko mtu aliyefika mjini akaogopa bahari akidhani ni mvua iliyokataa kukauka. Tukawa marafiki hapohapo.

Nakukumbuka zaidi na zile gia. Zilikuja kwa meli kutoka Ulaya, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya nta kama peremende. Ulizitunza kuliko nilivyomtunza mke wangu, na mke wangu alikuwa hachoki kunikumbusha. Kabla ya kuigusa gia ulifuta mikono kwa kitambaa kikavu, halafu ukaishika katikati, kamwe si kwenye meno. "Jasho lina chumvi," ulikuwa ukisema, "na chumvi haisahau." Ukaipaka mafuta mepesi, ukaifunga, ukailaza juu ya ubao mbali na sakafu ya saruji, meno ya hii yasiguse meno ya ile. Zile zilizozoea kufanya kazi pamoja ulizifunga kamba moja.

"Hizi zimeoana," ulisema. "Ukiitenga moja, ukaja kuirudisha na nyingine, mtambo mzima utapiga kelele."

Nikakuuliza hii kubwa ina wake wangapi.

"Mmoja. Ina akili kukushinda."

Ikaja masika ile mchwa walipoila rafu yako kubwa, ikaanguka upande mmoja. Bwana mkubwa wa karakana, yule Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, aliniamuru nitengeneze nyingine upesi, ya mbao ngumu, yenye vyumba vyake. Mie wiki ile nilikuwa na harusi Mbagala, na ngoma za harusi unazijua, haziishi leo wala kesho. Kwa hiyo nikapita sokoni Temeke, nikapata sanduku zuri la mbao, lenye kifuniko kinachobana sawasawa. Lilikuwa la muuza ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi. Nikalileta stoo begani nikijiona mwerevu.

Ulipitisha kidole ndani, ukakilamba. "Mtani, umeniletea nyumba ya gia au kitoweo? Hili lina chumvi."

"Mnyamwezi unamfundisha mtu wa pwani habari za samaki?"

Ulicheka, nami nikacheka. Lakini kabla ya kwenda kwenu kulala, maana homa ilikuwa imekushika tangu asubuhi, ulisema mara mbili, "Liloweke, ulioshe kwa maji moto siku tatu. La sivyo usiziweke humo." Ulilisema kwa sauti ileile ya utani, jicho moja limefumba. Nikalichukua kuwa ni utani. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miaka yote, mtani. Kweli yenyewe ni kwamba nilisikia vizuri, nikaona uvivu.

Niliacha sanduku juani mchana mmoja. Harufu ikapungua. Nikapanga gia ndani kwa mpango wako mzuri, karatasi na kamba na kila kitu, nikapigilia kifuniko misumari, nikaenda zangu ngomani.

Uliporudi baada ya siku tano, umekonda, jambo la kwanza uliuliza, "Uliliosha?"

"Nimeliosha kama maiti," nikasema. "Limebaki kuvishwa sanda tu."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta, kwa sababu ya ule udhaifu wa homa. Ukaniamini. Hukutaka hata kung'oa msumari mmoja. Mtu aliyekuwa akifuta mikono kabla ya kugusa chuma aliniamini mie kwa neno moja la mzaha.

Masika ikapita. Mtambo wa shamba moja ukavunjika, Bwana Miwani akataka zile gia zilizooana. Wewe mwenyewe ndiye uliyefungua. Nilikuwa mlangoni na randa mkononi, nikauona uso wako kabla sijaziona gia. Unyevu wa mvua ulikuwa umeiamsha chumvi kwenye mbao, chumvi ikapenya karatasi. Meno yalikuwa yameliwa vishimo vishimo, mekundu kwa kutu, hakuna lililobaki laini.

Bwana Miwani hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza, "Stoo hii ya nani?"

"Yangu, bwana," ukasema.

"Nani aliziweka kwenye sanduku hili?"

Ukanitazama. Hukuninyooshea kidole. Ulinisubiri. Nami, mtu wa maneno mengi, ninayemtukana hata shekhe akichelewa kumaliza dua, niliinama nikaanza kupiga randa ubao ambao ulishakuwa laini tangu jana. Kimya kile ndicho kilichokufukuzisha kazi, si kutu. Ukasema tena, "Stoo ni yangu." Jioni ile ulikuwa umeshafunga virago, wewe na mkeo na binti yenu Zena aliyekuwa bado mgongoni, mkaenda kulima mihogo Chanika.

Na stoo wakanipa mie. Kila kitu ulichonifundisha nilikifanya, nikasifiwa kwa usafi.

Ungekuja siku moja ukanipiga kofi, ningelala vizuri. Badala yake ulikuwa ukishuka Temeke na kikapu cha mihogo, tunakunywa kahawa na watu, na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiwasimulia kisa cha Mnyamwezi aliyehifadhi vyuma kwenye chumvi akidhani ni nyama. Watu walivunjika mbavu. Wewe ulicheka pamoja nao, ukageuza kikombe chako chini juu, ukasema, "Mzaramo, ipo siku utaisimulia vizuri." Nilidhani unasifu ulimi wangu.

Mwezi uliopita wakaniletea habari. Nikaja Chanika kama mtani anavyopaswa. Nililala katikati ya njia kuzuia jeneza, nikavaa koti lako kinyume, nikaigiza ulivyokuwa ukitembea. Yote hayo niliyaweza. Siku ya kuondoa tanga watu wakasema, "Mzee, tupe ile ya gia."

Nikasimama. Nikasema, "Ile ya gia ni mie. Yeye alinikataza. Nilimwambia nimeliosha sanduku, sikuliosha. Alifukuzwa kwa kosa langu, nami nikakaa kimya."

Masudi, walicheka. Mkeo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Shemeji yako mmoja akasema, "Mtani huyu hodari, leo kageuza kisa chote." Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu mtani msibani akiapa ndio uchekeshaji wenyewe.

Zena peke yake hakucheka. Ana sura yako ile ya kusubiri. Alinifuata nilipokuwa nanawa mikono, akasema, "Baba, hayo ya leo yalikuwa utani?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Hapakuwa na mtu mwingine. Nami nikasema, "Utani, mwanangu."

Sijui ni nani aliyejibu. Mdomo huu umezoea kuniepusha na hatari hata pasipo hatari. Nimerudi Temeke nikakaa wiki tatu sina hamu ya chakula, na jirani zangu wanasema uzee.

Zena anajua kusoma, si kama sie. Mkeo aliniambia kila gazeti likifika Chanika humsomea mamake kwa sauti mbele ya nyumba, na majirani husogea kusikiliza. Basi wewe mwanangu Zena unayesoma hapa, usiruke mstari huu: baba yako hakuharibu kitu. Alijua kazi yake kuliko mtu yeyote wa karakana ile, akapoteza kazi kwa kumwamini rafiki mwongo. Rafiki huyo ni mie. Msomee mama yako taratibu, na wakicheka, anza tena toka juu.

Nawe Masudi, ukiona inafaa kunisamehe, nisamehe bila kucheka, nipate kujua kwamba umenisamehe kweli. Na usipoona inafaa, nitaelewa. Lala salama kwenye udongo wa Chanika.

Ni mie mtani wako, seremala wa Temeke, ambaye sanduku lile hakuliosha.